Nilivyompoteza Babu Sadoki

Jumatano, 7 Mei

Hili sijamwambia mtu yeyote. Hata rafiki yangu Vaileth, ambaye huwa namsimulia mpaka ndoto. Leo nimemdanganya mzee wa kanisa. Mchana kweupe, tena baada ya shikamoo!

Jumuiya ya leo, ile sala ya majirani ya nyumba kwa nyumba, ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Shida ni Babu Sadoki. Akianza kusali, chai inapoa, watoto wanalala, ng'ombe wanalia wakamuliwe. Na anasali kwa majina! Mwezi uliopita aliniombea mimi: Bwana, mkumbuke Elinipa, hesabu zimemshinda, na umwondolee aibu, hata salamu anainong'ona. Mbele ya Joel wa kwaya! Joel akacheka ndani ya amina.

Basi nimekutana naye njiani natoka shule. "Mjukuu wangu, jioni niko kwenu, eh?" Na mdomo wangu — huu huu usiosema kitu darasani — ukasema: "Imehamishwa, Babu. Iko kwa Mama Anyesi, kule juu." Akanishukuru. Akageuka, akaanza kupanda mlima.

Tumesali kidogo tu. Chai ilikuwa ya moto. Watu walifurahi, nisiseme uongo. Uongo mwingine. Mama akauliza mbona Babu hajafika. Nikaenda kutafuta sukari.

Mvua ikaanza.

Alhamisi, 8 Mei

Mtihani wa Civics. Eleza utu wa mtu. Nimejaza kurasa, Kiingereza kimenyooka: kila binadamu ana thamani, mdogo, mkubwa, tajiri, maskini. Anayechosha sikumwandika. Mwalimu atanipa vema zote. Mimi!

Nimefikiri: kumheshimu mtu mzuri ni kazi gani? Hata mbwa wetu anaweza. Kazi ni huyu anayekukera. Na mimi nakera pia — Mama anasema nikitafuna muwa nasikika mpaka Makumira. Bado hajanipeleka kwa Mama Anyesi.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada, nje kwenye mnada wa sadaka za kuku na ndizi. Nimeshikishwa jogoo wa mtu. Mama Anyesi anamsimulia Mama: Babu alifika kwake amelowa chapachapa, Biblia ameificha ndani ya koti. Akawakuta wanapukuchua mahindi. Akasimama pale mlangoni. Kisha akasema, nimechanganya, ni uzee huu.

Sasa wote wanasema kichwa kimeanza kuondoka. Wazee wa kanisa wanakaa Jumamosi, wampumzishe kazi ya uzee wa kanisa. Maskini, Mama akasema, jumuiya ndiyo inayomtoa nyumbani tangu mkewe afariki.

Hakunitaja! Ama amesahau kweli, ama anakumbuka na amenifichia. Sijui lipi linauma zaidi. Nikafungua mdomo niseme. Jogoo akawika. Nikafunga.

Jumatano, 14 Mei

Jumuiya kwa akina Joel. Babu hakuja. Sala fupi, safi, haina mtu ndani yake. Nilikaa nimefumba macho nasubiri kutajwa. Mjinga mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Babu Sadoki anakuja! Mama amekutana naye mashineni akisaga. Babu anataka niwe namkumbusha kila wiki jumuiya iko wapi — wazee wakiona ana mtu wa kumkumbusha, huenda wakamwacha. Eti amenichagua kwa sababu mimi ni mkweli. Mama amejaa fahari mpaka amekaanga maandazi.

Mkweli!

Nikikubali, atabaki na kazi yake, ila ataamini mpaka kaburini kwamba kichwa chake kimeharibika. Nikisema ukweli, kichwa chake kinapona, changu Mama anakikata.

Nimefanya mazoezi ya kukiri mbele ya kioo. Kwa Kiswahili sauti haitoki. Kwa Kiingereza inatoka vizuri kabisa, ila Babu hakijui. Kwa Kimeru najua kuomba chakula tu.

Mbwa amebweka. Fimbo yake kwenye mawe. Mama anamkaribisha, habari za nyumbani, habari za migomba. Sasa nyayo zinakuja huku chumbani. Mama anamuuliza, nimwite? Babu anamkataza kwa sauti ya chini. "Mwache mtoto, anaandika masomo. Nitamsubiri hapa hapa."

Amesimama mlangoni. Miguu yake mibovu, na mimi naandika. Nikiacha tu, itabidi nifungue. Amekohoa. Mama anamletea kiti, anakataa. Sina tena cha kuandika. Naandika jina langu basi. Elinipa. Elinipa. Eli