Siku Ambayo Sikumpaka Kapteni Rangi

Jumamosi, jioni. Mvua ilianza nilipokuwa nafungua geti na mpaka sasa haijakata. Umeme upo, chakula kipo, na sina hamu ya kitu chochote.

Wewe shajara, na ninyi wachache mnaopita hapa, mnaijua kazi yangu. Napaka watu meikapu. Harusi zikiwepo napaka maharusi, zisipokuwepo napaka waigizaji. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye ile filamu ya anga niliyowaandikia kwa mbwembwe: Watanzania wanne ndani ya chombo kilichopotea njia huko juu, na hewa inawaishia. Chombo chenyewe tulikijenga ndani ya nyumba ambayo haijaisha hapa Tegeta. Kuta zilikuwa trei za mayai zilizopulizwa rangi ya fedha, vitufe tulivitoa kwenye rimoti za zamani, na vichwani wasafiri walivaa helmeti za bodaboda. Niliwaandikia kwamba tunacheka kutwa nzima, na kweli tulikuwa tunacheka.

Leo sina cha kuchekesha.

Kapteni wa chombo alikuwa Mzee Hamdani, mtu wa Mtoni kule Temeke. Kama mnaangalia filamu zetu mmeshamwona, ila jina hamlijui. Miaka yote amecheza mlinzi wa getini, mlevi wa kilabuni, baba mdogo anayedhulumu mirathi. Huyu Eliya, mwongozaji wetu, ndiye wa kwanza kumpa ukapteni. Siku ya kwanza alipovaa lile suti la turubai jeupe, mzee alijitazama kwenye kioo changu muda mrefu, akasema, "Binti, wajukuu wangu wataacha kuniita mlevi sasa." Nikamwambia, "Shikamoo kapteni," na kuanzia hapo ikawa ndiyo salamu yetu.

Kazi yangu kwake ilikuwa uso unaokosa hewa. Kila siku nilitakiwa kuuzidishia ukijivu kidogo, na midomoni nitie ubluu. Ndani ya zile helmeti kuna joto la tanuri, jasho linamwagika, kwa hiyo nilinunua rangi ngumu. Nilimtambia nikiwa nampaka, "Baba, hii hata maji hayapiti. Ukifika nyumbani jipake mafuta ya nazi, subiri kidogo, ufute na kitambaa. Bila mafuta utalala nayo." Alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka.

Jumatano ilikuwa siku yake ya mwisho kwenye seti, siku kapteni anakufa.

Sisi wa meikapu tuna desturi. Mtu akikaa kwenye kiti napiga picha kabla sijamgusa, na nikimaliza napiga nyingine. Hiyo ya pili ndiyo inanisaidia kumrudisha mtu vilevile kesho yake. Jumatano mzee alikaa, nikapiga picha ya kwanza, nikachovya brashi, nikainua mkono, nikasimama hapohapo. Rangi niliyotaka kumpaka ilikuwepo tayari. Ukijivu ulikuwepo, chini ya macho na pembeni ya pua. Ubluu wa midomo ulikuwepo. Jasho lake lilikuwa la baridi, nililigusa kwa kidole.

Aliniona nimesita. Akasema kwa sauti ya chini, "Kifua kinanibana kidogo tangu jana. Usimwambie Eliya, mwanangu. Atamweka mtu mwingine ndani ya hili suti, na ukiwa na helmeti nani atajua? Niache nimalize leo. Kesho naenda hospitali."

Nikamfuta jasho kwa tishu. Nikapiga picha ya pili. Sikumpaka kitu.

Alipotoka nje, Eliya alimtazama, akageuka kwangu na kupaza sauti, "Upendo! Leo umeua!" Watu wa kamera wakapiga makofi. Mmoja akaja kuniuliza nimechanganya rangi gani na gani.

Nilitabasamu.

Ningeweza kuficha hapo, maana hakuna aliyeniona moyoni. Lakini nilitabasamu, nikasema ni siri ya jikoni, na nikaenda kukaa kwenye ndoo yangu nikiwa nimefurahi kidogo. Mzee alicheza vizuri kuliko siku zote. Alikufa mbele ya kamera mara nne, kwa sababu Eliya alitaka kona tofauti.

Ijumaa alfajiri alifariki kweli, nyumbani kwake, kabla ya adhana. Wakamzika siku hiyohiyo baada ya swala ya Ijumaa. Tulikwenda wote, tukakaa kwenye viti vya plastiki na fulana zetu za filamu, na watu walitusifu kwa kuja.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Nilichokaa kuandika ni cha leo.

Wanaotaka kuinunua filamu wamedai karatasi yenye sahihi ya familia, kwamba wanaridhia mzee aonekane. Watoto wake walimwambia Eliya neno ni la mama. Na mama yupo eda. Miezi minne na siku kumi anakaa ndani, hajipambi, hakai na wanaume wasio maharimu zake. Kwenye kundi zima la watu kumi na sita mwanamke ni mimi peke yangu. Kwa hiyo nikapewa bahasha yenye hiyo karatasi niipeleke.

Nilipofika Mtoni, mlangoni alinipokea mdogo wa huyo mjane, mama mmoja mwembamba, Bi Asha. Alinitazama midomo. Nikafuta lipstiki kwa kiganja.

Mama Zuhura, mke wa marehemu, alikuwa ameketi mkekani, nguo nyeupe tupu, uso hauna hata poda. Nimezoea kutazama nyuso nikitafuta pa kuanzia. Ule sikujua niutazameje. Nikampa shikamoo, nikampa pole. Akaniambia nisogee.

"Ndiye wewe Upendo unayempakaga rangi?"

Nikasema ndiye mimi.

"Alikuwa anakutaja sana. Anasema wewe tu ndiye unamwita kapteni." Akakunja ukingo wa nguo yake. "Mwanangu, nina jambo linaninyima usingizi. Jumatano alirudi na ile rangi yako usoni. Nikamwambia mbona umepauka, akasema ni rangi ya kazini. Nikamsugua na mafuta ya nazi kama alivyosema umemwelekeza. Haikutoka. Alhamisi nikamsugua tena, huku ananicheka, anasema niache, mama Zuhura, hii rangi ya anga, utanichubua. Akanambia wewe mwenyewe umesema hata maji hayapiti. Ni kweli?"

Nilidhani ameshaanza kushuku. Nilidhani akijua haikuwa rangi, swali litakalofuata ni kwa nini mimi niliyemshika uso sikusema. Hicho tu ndicho nilichokiona mbele yangu. Sikumwona yeye.

Nikasema, "Kweli mama. Ni rangi ngumu ile. Maji hayapiti hata kidogo."

Nililisema vizuri, kwa sauti ya mtu wa kazi.

Aliinamisha kichwa. Akasema "Innalillahi" taratibu, na tena, na tena. Bi Asha akaja akamshika bega. Mimi nilidhani ni uchungu wa kumkumbuka mumewe. Baada ya muda akajifuta, akaniambia, "Lete hiyo karatasi. Aliitaka sana hii kazi yake." Akasaini, mimi nimemshikia bahasha isiteleze.

Bi Asha alinisindikiza mpaka kwenye bomba la uani, nilipoviacha viatu. Hapo ndipo aliponieleza, na hakunieleza kwa hasira. Alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni.

"Nyie wenzetu labda hamjui. Maiti yetu inakoshwa, na maji yanatakiwa yafike kila pahala penye ngozi. Kukiwa na kitu kimezuia, hata rangi ya kucha, josho halijatimia. Dada anaona mumewe kaenda kaburini josho lake pungufu. Sheikh kamtuliza, kamwambia walioosha hawakuona rangi yoyote. Yeye anasema wangeionaje na imefanana na ngozi? Alikuwa anakusubiri wewe. Alisema, mwenye rangi ndiye anayejua."

Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja.

Mlango wa chumba chake ulikuwa hatua kumi, labda kumi na mbili. Sikurudi. Nilimwambia Bi Asha poleni sana, nikavaa kiatu cha pili, nikatoka na karatasi yangu kwenye mkoba. Niliambiwa mwenye rangi ndiye anayejua, na ninajua, na nikaondoka.

Njia nzima nilikuwa najitetea. Kwamba mimi ni Mkristo wa Njombe, ningejuaje mambo ya josho? Ni kweli, sikujua. Lakini sikudanganya kwa sababu ya kutojua josho. Nilidanganya kujisitiri, na uongo wangu ukamwangukia mwanamke ambaye haruhusiwi hata kutoka nje kupunga hewa.

Nilijiambia pia kwamba ukweli utamuumiza zaidi. Hapa sijidanganyi kabisa, utamuumiza. Nikimwambia haikuwa rangi, atajua kwamba siku mbili alikuwa anausugua ugonjwa wa mumewe kwa kitambaa na mafuta. Atajua ulikuwa mikononi mwake. Atajua mzee alimficha huku anacheka. Nimeligeuza hili tangu mchana, na kila nikiligeuza naona linaishia kunifaa mimi, na ndiyo maana siliamini.

Eliya ametuma ujumbe mara tatu. Ameandika nimewaokoa. Ameandika kwamba kile kifo cha kapteni ndicho kitakachouza filamu, na jina langu ataliweka peke yake kwenye skrini, "Rangi za Uso: Upendo." Nikisema ukweli, karatasi inaweza kurudi Mtoni kuchanwa, na watu kumi na sita watajua kazi yao imezama kwa mdomo wangu. Nitaambiwa ungenyamaza tu, ungepungukiwa nini?

Sijamjibu.

Saa moja iliyopita nilifanya kitu cha kijinga. Nilitoa ile rangi kwenye boksi, nikajipaka kwenye mkono, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Nikakinga mkono kwenye maji ya mvua yanayotoka kwenye bati. Kweli, maji yaliteleza juu yake yakaenda zake. Sikuwa nimemdanganya mzee. Halafu nikachukua mafuta ya nazi, nikapaka, nikasubiri kidogo, nikapitisha kitambaa mara moja. Mkono ukawa mkono wangu.

Mama Zuhura alisugua siku mbili.

Siku moja atakaa kwenye ule mkeka na kuwaza kwa nini mafuta hayakufanya kazi, maana eda ni ndefu na hana kingine cha kufanya ila kuwaza. Au hatawaza hilo. Atakaa na lile la josho mpaka na yeye akoshwe. Sijui lipi ni baya zaidi, ninachojua ni kwamba moja nimelitia mimi leo, kwa mdomo wangu, saa sita mchana.

Nimefungua zile picha mbili kwenye simu. Nimeziweka upande kwa upande, kabla na baada. Mtu asiyejua angeniuliza ipi ni ipi. Tofauti ni jasho tu. Kwenye ya kwanza lipo, kwenye ya pili nimelifuta. Kwenye zote mbili mzee anatabasamu, kwa sababu nilikuwa nimemwambia shikamoo kapteni.

Kesho Jumapili sitakwenda kanisani. Nitakwenda Mtoni asubuhi, uso mtupu, na simu yenye picha mbili. Bahasha nitaibeba pia, nitaiweka mbele yake akitaka aichukue. Nitamwambia, mama, Jumatano sikumpaka baba kitu. Hapakuwa na cha kuzuia maji. Maji yalimfika.

Nadhani atashusha pumzi. Nadhani atamshukuru Mungu, na pengine atanishika mkono. Nitamwacha akae nalo hilo kwanza.

Halafu atainua macho aniulize kama haikuwa rangi ilikuwa nini, na mimi nitafungua ile picha ya kwanza.