Aliyeambiwa ni Mama Salma

Kijijini Daudi, 24 Desemba

Bado upo. Nimeugusa tena nilipokuwa naoga, uvimbe chini ya titi la kushoto, mgumu kama punje ya mahindi. Majibu ya kipimo ni baada ya Krismasi, tarehe ishirini na saba. Mume wangu sijamwambia. Leo amechinja mbuzi huku anaimba, ningeanzia wapi?

Mchana alikuja Mama Salma mwenye duka, ametuletea mchele wa sikukuu, kama sisi tunavyompelekea maziwa siku ya Idi.

"Mama Neema, mbona umekonda hivi?"

Nilitaka kusema ni kazi za shamba, nikajikuta nalia. Nikamweleza yote palepale jikoni, vitunguu vikiungua.

Hakuniambia nitapona. Nilishukuru kwa hilo. Alisema tu, "Siku hiyo duka nalifunga. Tunakwenda wote hospitali."

Lakini naogopa. Naogopa kukatwa. Naogopa Neema wangu kulelewa na mtu mwingine. Naogopa hata kesho kanisani, watu watakaponishika mkono na kunitakia heri ya mwaka mpya, nami itabidi niitikie amina.