Meno Matatu Yasiyo Yake

Taouz, 6 Machi 1999

Kaka Bassou,

Salamu zitafuata. Kwanza nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama: lile taya la dinosaria mla nyama ulilolipeleka chuoni, nililigusa.

Lilikuwa na mapengo matatu. Kwa mawe tunayowauzia watalii tunaziba, maana taya lenye mapengo hakuna anayelitazama mara mbili. Nikachagua meno kwenye bakuli la masalio, nikakoroga gundi na mchanga mwekundu, nikayapachika. Yalikaa vizuri, nikajisifu moyoni. Kesho yake baba akakuapia: "Hili ni kama lilivyotoka mwambani. Halijaguswa." Mimi ndiye niliyekuwa namimina chai. Nikaendelea kumimina.

Huku hatujambo, mbuzi wawili wamezaa. Wewe je, na kikohozi? Tafadhali usimwonyeshe profesa kabla hujayatoa.

Mdogo wako,
Itto

Marrakech, 19 Machi 1999

Mdogo wangu Itto,

Kikohozi kimepona. Barua yako ilifika Alhamisi. Taya nilikuwa nimelifungua Jumatatu. Profesa alipitisha pamba yenye dawa ya kuyeyusha gundi, meno matatu yakadondoka mezani. Akauliza, "Huyu naye aliazima meno kwa jirani?" Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Safari ya kuja kuchimba na baba ameifuta, na amewaambia wenzake wasipokee tena kitu cha Zayd mwongo. Hivyo ndivyo alivyomwita baba.

Nimempigia baba simu pale dukani. Sikukutaja. Barua yako ninayo mfukoni. Nikiionyesha, jina la baba litasafika. Lakini sitaki aje asikie kwa watu kwamba ni binti yake. Mwambie wewe kwanza, ndipo nitaionyesha.

Kaka yako,
Bassou

Taouz, 11 Aprili 1999

Kaka Bassou,

Hujambo? Mama anakusalimu, mguu wake una nafuu. Najua umengoja.

Baba ameshikilia kwamba ni Hammou, aliyechimba naye miaka ishirini, kwa kuwa Hammou ndiye aliyelifunga taya kwenye gunia. Jana alikuja.

"Zayd, leo hata karibu sipati?"

"Nenda kakaribishwe na gundi yako."

Hammou alisimama kidogo, kama mtu anayengoja mzaha uishe. Kisha akageuza punda wake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, Kaka, na neno moja tu lingemrudisha.

Mara nne nimeanza kumwambia baba, na mara nne nimejikuta namuuliza kama anataka mkate. Kwenye karatasi siogopi hivyo. Baba hasomi Kiarabu wala Kifaransa chetu cha shule, lakini kila akipita nimekuwa nikiisukuma barua hii chini ya mkeka, kana kwamba herufi zitapiga kelele.

Nasikia viatu vyake uani. Anavikung'uta mchanga.

Mkono wenyewe umekwenda kwenye mkeka, nimeurudisha. Akiniuliza naandika nini, nitamsomea kwa lugha ya nyumbani, nianzie pale penye jina la Hammou. Amefika mlangoni. Karatasi iko magotini, na