Kipande cha Bi Zaituni

Jumanne, Agosti 1996

Nimemwambia. Juzi nilipompasua Bi Zaituni wa Mumias, nilikuta saratani ya kongosho imeenea, haiondoleki. Nikamshona. Lakini kabla ya hapo nilikata kipande cha uvimbe kwa utafiti wangu wa dawa mpya, na sikuwa nimemwomba ruhusa.

Leo wodini alinishika mkono. "Allah akulipe kheri, daktari. Umenitoa ule uvimbe."

Ilinibidi niseme yote: uvimbe bado upo, kipande kiko maabara.

Akauliza, "Kitaponya wengine?"

"Labda, mama. Sijui."

"Ungeniuliza ningekupa," akasema, akageukia ukutani.

Jioni nzima najiuliza kama niliogopa angekataa. Hapana. Sikumfikiria kabisa.