Birika Lisitoke Nyumbani

Mwanaidi mdogo wangu,

Marahaba. Najua hujanisalimia, lakini ungenisalimia, kwa hiyo naitikia kabisa. Hujambo? Goti linaendeleaje, lile la kushoto? Mafuta ya nyonyo niliyokuachia usimgawie mtu, jipake mwenyewe. Mbuzi kazaa? Mvua je? Huku Dodoma ni upepo tu, unafagia baraza, ukifika mwisho mwanzo umeshachafuka. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio hautulii, na sababu nitakwambia, ngoja nifike.

Anayeniandikia ni Rukia, mke wa Hamisi wangu. Hamisi mwenyewe kasafiri na bosi wake anayemwendesha, sina mwingine. Nimemwambia Rukia asipunguze neno, hata yale yanayomhusu yeye. Na wewe unayemsomea, mke wa mwalimu wa madrasa, funga mlango kwanza. Nimeacha kupiga simu maana simu ya jirani inasikika uwanja mzima, na haya si maneno ya uwanjani.

Unajua Rukia anauza vyombo vya zamani, seti za chai kama za mama zetu. Watu wa maofisini wanaojenga huku wanazitaka za kupanga kabatini, na wenye migahawa wanataka mteja anywee kikombe chenye ua. Nilipokuja nilicheka. Nikamwambia, sisi tumevichoka tukanunua vya plastiki, nyie mnavifuata? Sasa sicheki, kila asubuhi nakaa naye mkekani tunachagua. Kanifundisha. Kikombe unakiinua juani, kikiwa kizuri unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Unakigonga kwa ukucha, kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Kifuniko unakizungusha kwenye birika, kama si chake kinacheza. Mimi nikamfundisha kumimina maji kwanza, maana yapo mabirika mazuri ya sura, ukimimina yanalowesha kitambaa chote. Nikamfundisha na kusugua kwa majivu. Hapo ukingo wa dhahabu ukatoka wote kwenye visahani vya mteja, na mpaka magharibi hatukuongea.

Lakini chai yenyewe huku usiniulize. Maji yana chumvi. Unatia sukari, unatia tangawizi, chumvi iko pale pale inakusubiri. Na nyumba zina geti. Ukitaka kusalimia mtu unagonga bati kama polisi. Nakaa, nasimama, naenda getini, narudi. Rukia anasema, "Mama, utachimba mfereji."

Sasa nafika. Juzi limekuja boksi kwa basi la Kondoa, kutoka kwa dalali wake, yule anayezunguka vijijini na pikipiki, anawapa watu chupa mpya za chai na yeye anachukua vyombo vya udongo. Rukia akafungua, mimi nikapokea kikombe cha kwanza. Cheupe, maua ya bluu. Nikasema moyoni, maua ya bluu yapo mengi duniani. Nikakigeuza.

Nukta mbili za kijani, na mkia.

Mwanaidi, nilikaa na kile kikombe mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto. Rukia hakujua. Yeye aliona uchafu, akaleta spiriti na pamba afute aone muhuri wa kiwanda, maana wateja wake wanaulizia huo muhuri.

"Usifute," nikamwambia.

"Mama, hii ni rangi ya mlango."

"Ndiyo. Ya mlango wa kwetu."

Ndipo nikamweleza, maana yeye kakulia mjini, vyombo vya shughuli wanakodi. Nikamwambia kwetu Busi kukiwa na maulidi au msiba, kila nyumba inatoa vikombe, vinaoshwa pamoja kwenye karai moja, na bila alama hujui chako ni kipi. Wengine walifunga uzi kwenye mkono wa kikombe, wengine walipaka rangi ya kucha. Mama alichovya kijiti kwenye rangi iliyobaki ya mlango, akapiga nukta mbili, moja ya kwako moja ya kwangu, na ule mkia alisema ni yeye anatufuata nyuma. Vile vikombe vimekwenda kwenye kila msiba wa kijiji na vikarudi, hata kile kilichokwenda mpaka Haneti kwenye kikapu cha watu kilirudi. Leo vimekuja Dodoma vimefungwa kwenye magazeti.

Rukia aliweka spiriti chini. Halafu akasema, "Mama, nimeshamwahidi mtu." Kuna mama mmoja anafungua mgahawa, keshaona picha. Akasema tena, "Na kila ukizuia vyombo vya watu kwa ajili ya rangi ya kijani, biashara tufunge, tuuze maandazi." Sikumlaumu. Vitu kavipata kwa haki, na hii biashara ndiyo inayotulisha Hamisi akiwa safarini. Nilikwenda getini, nikarudi.

Tukatoa vyote. Vikombe vipo, visahani vipo, bakuli la sukari lipo na ule ufa wake. Birika halipo. Rukia akampigia dalali. Dalali akasema yule bibi alikataa kulitoa, lakini asiwe na wasiwasi, Jumatatu anarudi Busi na chupa ya chai kubwa zaidi na masufuria, atalitoa tu.

Yule bibi ni wewe.

Nisikudanganye, nilikasirika. Nilisema maneno ambayo Rukia hataandika, nimemruhusu. Nilisema angalau ungeniambia. Halafu nikalala nikigeuka huku na huku, nikawaza, amekaa peke yake na lile goti, mimi niko huku nakunywa chai ya chumvi kwenye viti vya sponji, aniambie kwa mdomo gani? Basi. Sababu siitaki. Ukinieleza nitaziba masikio. Mimi nimeshika jambo moja tu, kwamba birika umelikatalia.

Kwa hiyo nikamkalisha Rukia. Nikamuuliza, seti bila birika, yule mama wa mgahawa ataichukua? Akasema hapana, bila birika si seti, ni vikombe tu. Tukakubaliana. Birika likija, seti inaondoka na mimi sisemi kitu. Lisipokuja, vikombe ni vyangu, nitamsaidia kuchagua vingine vya huyo mama. Nikamwambia nitakuandikia barua. Akacheka, akasema, "Andika, mama. Dalali ana pikipiki, barua yako ina konda." Haya, mwone sasa, ndiye anayeandika.

Hapa kaweka kalamu chini. Kaingia ndani na simu.

Karudi, na hayo ya kutoka kwake nimemwambia ayaandike. Anasema kampigia dalali amwambie asiende Busi, lakini hapatikani, yuko porini huko hakuna mtandao. Sikumtuma mimi. Macho yake mekundu, anasema ni vumbi. Basi tuendelee, kalamu hiyo.

Mwanaidi, sikiliza. Barua hii anaondoka nayo konda kesho alfajiri, ataiacha kwa shemeji pale dukani Kondoa, naye atampa mtu wa Busi. Dalali akija, akakuwekea masufuria yanayong'aa mbele yako, usiyaangalie. Birika litie kwenye pipa la ulezi, lifukie mpaka shingoni na kifuniko chake, wewe ukae juu ya pipa. Mwambie goti linauma, huwezi kuinuka. Hutasema uongo.

Nisalimie kaka yetu na mkewe, mwambie yule mkewe jamvi langu aliloliazima nalikumbuka. Msalimie mama wa nyumba ya pili anayekuchotea maji, Mungu amlipe. Rukia anasema shikamoo mama mdogo, na anasema birika likiwa limeshatoka wakati unasomewa haya, atalifuata mwenyewe kwa yule dalali.

Lakini mimi najua halijatoka. Mzigo nimeshaufunga kwenye kitenge, Jumatatu ikipita nakuja; vikombe nimevizungushia kanga zangu kimoja kimoja, visigongane njiani. Bandika maji, yale ya kisima chetu.

Ni mimi dada yako,
Zena