Wembe Umetoka Kwenye Kitambaa

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa niaba ya kaka yako na watoto pia. Hujambo? Shemeji naye? Goti lako limepona, au bado unapanda ngazi kwa kuguna? Sisi wazima, na safari hii sisemi hivyo kwa adabu tu. Nina habari, wifi, kalamu yenyewe inanikimbia!

Kaka yako, Trekta wetu, hakoromi tena.

Unajua hali ilivyokuwa. Anakoroma hadi vyombo kabatini vinaitikia, halafu ghafla kimya, hapumui, nampiga kiwiko ndipo anashtuka. Mchana akawa anasinzia wima, mashine ya kunyolea mkononi. Siku alipomkata mteja mmoja, mwalimu, sikioni, aliuviringisha wembe kwenye kitambaa, akasema hanyoi mtu ndevu tena. Nilijua kinachofuata ni kufunga duka. Bila kazi ile kaka yako si kaka yako; nililia jikoni asinione.

Sasa sikia. Alikuja mteja wa nywele. Kaka yako kamwinamia, akapiga miayo, mdomo wazi juu ya uso wa mtu. Kumbe mtu mwenyewe daktari wa meno!

"Hebu fundi, piga mwingine," akasema, akachungulia. Akaona meno yamesagika, na ulimi una alama za meno pembeni. "Mkeo analala kweli?"

Nilikuwa nafagia pale. Nilidakia kabla mwenye mdomo hajajibu.

Mimi nilidhani hawa kazi yao ni kung'oa tu. Huyu kwanza alimtuma hospitali akapimwe akiwa amelala, wakathibitisha kwamba koo linajiziba na pumzi inakatika. Ndipo akamtengenezea vibao viwili vya kuvaa kwenye meno wakati wa kulala. Vinavuta taya la chini mbele kidogo, ulimi hauangukii nyuma, hewa inapita. Alisema havimfai kila mtu. Wengine huhitaji mashine ya kupuliza hewa. Mwanzoni taya lilimuuma na mate yakamtoka kama mtoto anayeota meno, nami nikacheka, Mungu anisamehe. Daktari akavirekebisha, hospitali wakampima tena, wakaridhika.

Basi ule ukimya nao ukanitisha! Nikawa namwekea kiganja puani. Anapumua, wifi, taratibu kabisa.

Jana daktari alirudi dukani, akitaka kunyolewa ndevu. Kaka yako akasema atamwitia kinyozi wa jirani. Daktari akakaa, akaegemeza kichwa, shingo yote nje, akafumba macho. Kaka yako akaufungua ule wembe kutoka kwenye kitambaa. Nilishika ufagio kwa mikono miwili. Hakumkwaruza hata kidogo, na aliporudi nyumbani alikuwa anaimba.

Watoto wanakusalimu sana. Msalimie shemeji, ambaye ameniambia kwenye simu kwamba nawe unakoroma na pumzi inakukatika. Usimnunie. Marehemu baba yenu alikuwa vivyo hivyo, akafia usingizini, nasi tukasema alilala vizuri. Wifi, nenda kwa daktari. Nenda wiki hii.

Mungu akulinde ulalapo na akuamshe salama.

Wako akupendaye,
Mke wa Trekta mstaafu