Falonne, Onja Wewe Kwanza

Butembo, tarehe 11 Agosti 2026

Mpendwa binti yangu Falonne,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Kile kikohozi kimekuacha? Na kazi ya hospitali haikuchoshi mno? Mimi magoti yananisumbua nikipanda mlima wa soko, mais hata hivyo nakula na kulala. Mu simu nakuambia tu kwamba tuko salama, kisha inakatika; haya mengine yanataka karatasi. Bénite, binti wa nyumba hii wanakonihifadhi, ataipiga barua picha na kukutumia.

Uliniuliza mara mbili niliionaje ile divai nyeupe uliyomtuma Stanislas aniletee mwaka jana. Nilikwepa kujibu. Ukweli ni kwamba sijaifungua.

Nilipoipokea, nilisema tutaifungua siku tutakaporudi kwetu Luofu, vita ikiisha. Nilikuwa nimesoma kwamba divai ikizeeka inazidi utamu, donc basi nikaona itungoje tu. Mama yako mudogo Kaswera aliifunga mu kitenge chake, akaiweka chini ya kitanda, akanicheka kwamba nikiachwa peke yangu nayo haitafika Luofu. Tangu tumzike mwezi wa nne niko peke yangu nayo, na chupa ni nzima.

Juzi nilisoma upya kikaratasi ulichoifungia. Uliandika wazi, ni mimi ambaye sikusoma mpaka chini. Unasema divai hii, Muscadet, inatoka mashamba ya zabibu karibu na mji wenu wa Nantes huko Ufaransa, si mbali na pale mto Loire unapoingia baharini. Inalala juu ya machicha yake ya chachu majira yote ya baridi. Ina ukali wa limau, na chumvi kwa mbali. Inywewe ya baridi, ingali changa, pamoja na samaki au chaza. Yaani ni ndugu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi: siku zake zikipita, haifai tena. Mu chupa wameandika mwaka wake: 2023.

Chaza wa bahari sitawapata hapa. Nimefikiri sana chakula chake, maana mtu aliye peke yake anapata nafasi ya kufikiri hata hayo. Sombe, majani yetu ya muhogo, yenye mawese itafunika ladha yake. Makayabu, wale samaki wakavu, yana chumvi kupita kiasi. Nimebaki na tilapia wa Kyavinyonge, akaangwe kwa mafuta kidogo, pembeni viazi na vitunguu vya majani, poireaux za Lubero.

Kumwambia Abigaïl, mama wa nyumba, nilichelewa. Ni watu wa kanisa la Kiprotestanti, na pombe haiingii mlangoni mwao. Alinisikiliza akichambua maharagwe, hata hakuinua macho.

« Tata, mie hapana kunywa, mais samaki nitakukarangia. Kaswera aliniambia zamani iko chini ya kitanda. »

Kinabaki kitu kimoja. Unakumbuka kwa babu yako: hakuna aliyeweka mdomo kwenye kasiksi kabla ya yule aliyeileta kuonja. Hii umeileta wewe, na uko mbali. Ndiyo maana hata baada ya kuelewa kosa langu, kizibo kilinishinda.

Basi, Jumapili tarehe 23, saa kumi ya alasiri. Wakati huu wa joto lenu, saa yenu na yetu ni moja. Nunua ya kwako, nipigie, uonje. Nitakuwa nimekaa na glasi mkononi. Simu ikikatika, nitahesabu pole pole mpaka kumi, nitajua umeshaonja.

Luofu tusiibebee chupa. Siku ya kurudi tutakamua kasiksi palepale, kama migomba imebaki.

Nisalimie mume wako Précieux, na mtoto Ariel ambaye bado sijamshika. Kaburi la Kaswera nalipalilia kila Jumamosi. Nitalipelekea salamu zako.

Mungu alinde mlango wako, na asikukoseshe mtu wa kula naye.

Ni mimi baba yako mudogo, akupendaye na kukungoja,

Jean-de-Dieu